Nani Kasema Hawakuimbwa? Juu ya Maneno Yaandikwayo Chini ya Picha za Wanawake wa Mtaa

Makala haya yanahusu maneno machache mno, yaani yale yanayoandikwa chini ya picha. Huenda msomaji wa jarida la lugha akadhani kwamba jambo hilo ni la wachoraji na walinzi wa makumbusho, wala halimhusu mwanaisimu au mhakiki wa fasihi. Nitajaribu kuonyesha kinyume chake. Pale uchoraji unapokusudia kuwatukuza wanawake wasiojulikana nje ya mitaa yao, brashi huleta sura; lakini kama sura ile ni ya mtu mwenye jina lake na maisha yake, au ni kielelezo tu cha kabila, cha kazi au cha wema, hilo huamuliwa na lugha.

Kilichonisukuma kuandika ni kosa langu mwenyewe. Vijana wachoraji wa mji mmoja wa pwani ya Kenya walichora sura za wanawake wa mtaa wao: mkunga, mwalimu wa chuo cha Kurani, mshona mikeka, mpika mahamri, msusi, bibi anayeosha maiti wa kike, na bibi mwingine ambaye amekuwa somo wa wari wengi wa mtaa ule. Picha zilikuwa kubwa na za rangi, na mkono uliozichora ulikuwa na adabu. Hapana uso uliorembwa kupita ulivyo wala uliofanywa wa huruma. Maandishi yake yalikuwa yamekwisha kutungwa kwa Kiingereza, nami nikaombwa niyatie katika Kiswahili sanifu. Kichwa cha maonyesho nilikimaliza kabla chai haijapoa: "Mashujaa Wasioimbwa". Nilijiona nimefaulu.

Ilikubaliwa kwamba picha zionwe kwanza na wenyewe waliochorwa, kabla ya wageni. Yule bibi somo aliposomewa kichwa kile, aliuliza ni nani aliyesema kwamba yeye hakuimbwa. Ameimbwa alipovunja ungo, ameimbwa arusini kwake, ameimbwa na mahasimu wa chama chake cha ngoma kwa maneno ambayo mpaka leo hajayasahau, na yeye mwenyewe amewaimba wengine hata sauti ikamkauka. Wenziwe walicheka sana. Mimi sikuweza kucheka, kwa sababu papo hapo nilitambua kwamba nimewaambia wanawake hao uwongo juu ya maisha yao, tena kwa Kiswahili kilicho fasaha.

Yafaa tuichunguze tafsiri hiyo, maana ndani yake mna kosa la lugha na kosa la fikira, na hili la pili limejificha nyuma ya lile la kwanza. Waingereza humwita shujaa asiyejulikana kwa neno linalotokana na wimbo. Asili yake ni mapokeo ambayo ndani yake mashujaa ni watu wa tenzi za vita, na aliyekosa utenzi amekosa kumbukumbu. Neno hilo likiletwa kwetu jinsi lilivyo, hukuta kwamba wimbo una kazi nyingine. Katika miji ya pwani wanawake wana ngoma zao. Wapo wanaopiga vugo arusini, pembe za nyati zikigongwa kwa vijiti huku nyimbo zikipokezanwa. Lilikuwapo lelemama, na vyama vyake vya Mombasa, kama vile Banu Saada na Ibinaal Watan, vilishindana kwa mavazi, kwa karamu na zaidi kwa nyimbo. Nyimbo hizo zilijaa mafumbo ya kumsifu huyu na kumwaibisha yule, na aliyefumbwa alijijua, na jirani zake walimjua pia. Kwa hiyo, katika sikio la mwenyeji, kuimbwa si lazima kuwe heshima. Mwanamke asiyeimbwa aweza kuwa ndiye aliyesalimika!

Kosa la fikira ni hili. Tunaposema kwamba wanawake hao hawakuimbwa, twadhani kwamba hapakuwa na sanaa iliyowashughulikia mpaka tulipotokea sisi na rangi zetu na karatasi zetu. Kumbe sanaa ilikuwapo. Ilikaa uani, na waandishi walikaa barazani. Mtafiti aliyepewa kiti barazani aliandika habari za mashehe, za maliwali na za washairi wanaume waliojibizana, kisha akaondoka akiamini kwamba ameuandika mji mzima. Uhaba uliopo basi ni uhaba wa maandishi na wa majina yanayovuka ua, na mtu anayetaka kuuondoa uhaba huo hana budi kwanza kukiri kwamba anakuja mahali ambapo pamekwisha kusemwa mengi.

Juu ya neno "shujaa" sitakawia. Shujaa wa Kiswahili ana silaha, au ana moyo wa mwenye silaha. Lamfaa Mekatilili wa Menza, aliyewaapiza Wagiriama dhidi ya serikali ya Waingereza mwaka 1913 akakamatwa na kupelekwa mbali na kwao. Mpika mahamri aliyeambiwa kwamba ni shujaa aliona anatukuzwa kwa jambo asilolifanya, ilhali lile alilolifanya, yaani kuamka saa tisa ya usiku kwa miaka mingi na kuwasomesha watoto kwa unga na nazi, halikutajwa.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote juu ya suala la kuimbwa ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, katika jamaa iliyotokana na utumwa, na jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa Mtumwa. Aliuza vyungu. Alipohamia mjini alijifunza kuimba, akaitwa Siti, neno la Kiarabu la kumtukuza mwanamke, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kuimba katika sahani za santuri zilizosikilizwa pwani nzima. Yajulikana kwamba mahasimu wake walimwimba. Walimsimanga kwa asili yake na kwa sura yake, naye akawajibu kwa wimbo ambao umeishi kuliko matusi yao. Hapa basi tuna mwanamke ambaye sura yake yenyewe ilikuwa uwanja wa mabishano. Mchoraji atakayemchora Siti hana njia ya kulikwepa jambo hilo: akimrembesha, amekubaliana na waliomsimanga kwamba sura ndiyo kipimo.

Picha yake ya maneno ilikwisha kuchorwa na Shaaban Robert. "Wasifu wa Siti binti Saad" ulichapwa mwaka 1958, miaka minane baada ya Siti kufariki, na ni kati ya kazi za mwanzo za Kiswahili zilizoyachukua maisha ya mtu mmoja halisi kuwa kitabu. Tena mtu mwenyewe alikuwa mwanamke, fukara wa asili, na mwimbaji. Ujasiri wa uteuzi huo haujasifiwa vya kutosha. Wakati ambapo wasifu ulidhaniwa kuwa haki ya masultani na makadhi, Shaaban Robert alimchukua muuza vyungu akamweka katika nathari yake iliyo bora.

Hata hivyo, mhakiki hana ruhusa ya kunyamaza kwa ajili ya mapenzi. Shaaban Robert anasimama kati yetu na Siti. Kila mara tunapomkaribia, mwandishi hutugeuzia uso na kutueleza maana ya tuliyoyaona: thamani ya juhudi, ubaya wa kijicho, utukufu wa utu. Mafunzo hayo ni mema na lugha yake ni tamu, lakini Siti huzidi kuwa mfano na huzidi kupungua kuwa mtu. Tungependa kujua alivyozungumza alipokuwa hana hadhira, alivyopatana na wapigaji wake juu ya fedha, aliyemchukia, alilolijutia. Wasifu wa namna hiyo ni picha iliyochorwa kwa nuru moja tu, ile ya kutoka juu. Wachoraji wetu vijana waliepukana na kosa hilo katika rangi; mimi nililirudisha katika maandishi, kwa kuandika chini ya kila sura sentensi yenye "kujitolea", "subira" na "mfano wa kuigwa".

Yaliyo mbali na njia hiyo ni yale yaliyomo katika "Wanawake Watatu wa Kiswahili", kitabu kilichotayarishwa na Sarah Mirza na Margaret Strobel kutokana na mahojiano ya Mombasa ya miaka ya 1970. Ndani yake wanasema Bi Kaje wa Mwenye Matano, Bi Mishi wa Abdala na Bi Shamsa Muhamad Muhashamy. Mtayarishaji amejitahidi kukaa nyuma. Wanawake wenyewe wanaeleza arusi, talaka, ngoma, kazi na watumwa, na husema kwa lahaja yao. Hawasemi ili kufunza. Husema kwa kuwa wameulizwa na kwa kuwa wanapenda kusema. Matokeo yake ni kwamba hawapatani. Mmoja anatoka katika Miji Kumi na Miwili, mwingine katika watu waliopitia utumwa, wa tatu katika jamaa yenye asili ya Uarabuni, na mji uleule una sura tatu kufuatana na anayeutazama. Heshima ya kweli kwa watu hao ni kuwaachia kutopatana kwao. Laiti kitabu hicho kingezungumziwa katika madarasa yetu ya fasihi kama kinavyozungumziwa katika madarasa ya historia! Nina lalamiko moja. Kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1989 na kwa Kiswahili mwaka 1991, mara zote mbili katika matbaa ya Chuo Kikuu cha Indiana, kwa hiyo maneno yaliyosemwa Mombasa yalisomwa kwanza katika lugha isiyokuwa yao, na kuyapata yalivyosemwa kulitaka kungoja miaka miwili na safari ya bahari.

Yatazame pia majina yao matatu, kwa kuwa hapo sarufi inafanya kazi ya historia. "Kaje wa Mwenye Matano" na "Mishi wa Abdala" yameunganishwa kwa kihusishi cha kimilikishi cha Kibantu. "Shamsa Muhamad Muhashamy" halina kiungo. Limefuata desturi ya kupanga jina la mtu, la babake na la ukoo. Siti ana "binti", na Mwana Kupona, aliyetunga utendi wake mwaka 1858, ni binti Mshamu vilevile. Hapana hata mmoja wa wanawake hao anayejulikana kwa jina tupu. Mekatilili alizaliwa Mnyazi wa Menza; jina tunalolijua, lile aliloitwa katika vita na linalotajwa mbele ya sanamu yake huko Malindi, maana yake ni mamake Katilili. Wako wasomi, wengine ni rafiki zangu, wanaoona kwamba kumwita mwanamke kwa jina la mwanawe ni kumfuta. Siwezi kukubali hilo kwa ujumla. Jina la namna hiyo hupatikana kwa umri na kwa uzazi, ni cheo, na mwanamke anayeitwa "Mama Fulani" na mtaa mzima haombi kuokolewa nalo. Lakini ni kweli pia kwamba mtaa ukizoea mno, jina la kwanza hupotea. Na katika mtaa ninaousimulia kulikuwa na bibi mmoja ambaye wajukuu zake walilijua jina lake la kuzaliwa siku ile ya picha.

Maandishi ya Kiingereza yalikuwa yameyakata majina yote yakabaki neno mojamoja. Nia ilikuwa kuonyesha ukaribu. Kwetu, mtu mzima anayetajwa kwa jina moja lisilo na "Bi" mbele yake wala "binti" au "wa" nyuma yake ametajwa kama mtoto anayetumwa dukani.

Hapo ndipo tunaporudi kwa wachoraji, na kwa picha za watu zijulikanazo kuliko zote nchini. Joy Adamson aliagizwa na serikali ya kikoloni, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, achore watu wa Kenya katika mavazi na mapambo yao kabla hayajatoweka. Alichora mamia ya picha. Nyingi zimeonyeshwa katika Makumbusho ya Nairobi, na mwaka 1967 alitoa kitabu kilichoitwa "The Peoples of Kenya". Ufundi wake si wa kubezwa. Shanga zimehesabika, ngozi imeonekana kuwa ngozi. Lakini mpango wake ni wa makabila, na anayesimama mbele ya mwanamke aliyechorwa hutoka na elimu juu ya vazi kuliko juu ya mvaaji. Sura imetolewa kama ushahidi wa kitu kingine. Nilipokuwa nikisoma shahada yangu ya pili ng'ambo nilikula chakula cha jioni mwaka mzima chini ya picha za wakuu wa chuo waliopita, wanaume watupu, na chini ya kila mmoja kulikuwa na jina kamili, vyeo na miaka ya utumishi. Wengi wao hawakuwa na uso wa kukumbukwa. Majina yao nayakumbuka hadi leo.

Aliyelielewa jambo hilo kuliko wengi ni mchoraji Lubaina Himid, aliyezaliwa Unguja mwaka 1954 na kulelewa Uingereza, ambako mwaka 2017 alipewa Tuzo ya Turner. Mwaka 2004 alionyesha kazi iitwayo "Naming the Money". Ni watu mia moja, wanawake kwa wanaume, waliochorwa juu ya mbao zilizokatwa kwa kimo cha binadamu, mtazamaji akapita kati yao. Hao ni watumwa wa Kiafrika wa majumba ya wakubwa wa Ulaya, wapiga ngoma, waganga wa mitishamba, wafinyanzi, washona viatu, watu ambao katika picha za zamani za Kizungu huwekwa pembeni wameshika sinia. Kila mmoja amepewa mistari michache mgongoni: jina lake hasa, jina aliloitwa na bwana wake, kazi aliyoifanya kwao, kazi anayofanyizwa sasa, na kitu kilichombakia cha kumfariji. Mistari hiyo ni ya kubuni, nao watu wenyewe ni wa kubuni, na hapo kazi hiyo yatofautiana na picha za watu wa mtaani walio hai. Ila umbo lake lafunza. Majina mawili yamewekwa pamoja, lile la mtu na lile la matumizi yake, na umbali kati yao ndio habari yenyewe.

Sisi tunayo sanaa ya karibu zaidi iliyokwisha kulitatua suala hili, nayo imefungwa kiunoni mwa kila mwanamke aliyechorwa katika mtaa ule. Leso, au kanga, ina pindo, ina mji, na ina maandishi, na maandishi yale huitwa jina. Sijui lugha nyingine ambayo husema kwamba nguo ina jina kwa maana hiyo. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lenye alama ya "Mali ya Abdulla", lilisaidia sana kuyaeneza maandishi hayo, kwanza kwa hati za Kiarabu, baadaye kwa hati za Kirumi. Mnunuzi halipokei jina tu. Hulichagua, kwa kumkusudia mtu, siku na jambo, na huweza kulikana akiulizwa, kwa kusema kwamba alipenda rangi. Mwandishi wa jina ni mwingine, lakini msemaji ni aliyelivaa. Kwa istilahi za siku hizi tungeweza kusema mengi juu ya mgawanyo huo wa mtunzi na mneni. Hapa yatosha kusema kwamba ndio uliokosekana katika maandishi yangu, ambayo mtunzi wake alikuwa mimi na mneni wake alikuwa mimi vilevile.

Tuliyafuta yote. Kila mwanamke aliulizwa picha yake iwe na jina gani, kwa maana zote mbili za neno hilo, na majibu hayakufanana. Mkunga alitaka jina lake, la babake na la babu yake, na idadi ya watoto aliowapokea isitajwe kwa kuwa haihesabiki mbele ya watu. Mpika mahamri alichagua msemo wa leso, nami sitauandika hapa kwa sababu jirani aliyekusudiwa yu hai. Msusi aliridhika na "Mama" pamoja na jina la kifungua mimba wake. Mwalimu wa chuo alisahihisha tahajia yetu. Mshona mikeka alisema picha isogezwe kidogo ili ukili ulio mkononi mwake uonekane, na jina lolote litafaa. Bibi mwosha maiti alikataa maandishi kabisa, akieleza kwamba kazi ile haifanywi ili mtu atajwe, na picha yake ikatundikwa bila neno. Wageni wengi walidhani kwamba karatasi imedondoka. Mmoja aliinama kuitafuta sakafuni.

Kichwa cha maonyesho kilikuwa jina la mtaa tu.

Palibaki jambo moja ambalo halijamalizika hadi ninapoandika. Waliogharimia wameomba sasa maandishi mapya ya Kiswahili yatiwe katika Kiingereza, na kazi hiyo nimepewa mimi tena. Chini ya picha ya yule bibi wa kwanza pameandikwa jina lake lenye "binti" mara mbili, na baadaye neno moja, "somo". Kamusi zanipa mtu mnayeitwa jina moja, zanipa rafiki wa ndani, zanipa mwanamke amfundishaye mwari mambo ya utu uzima, na zanipa jambo lisomwalo darasani. Nimejaribu maneno matatu ya Kiingereza, na yote nimeyafuta.